Sentipoizi, paskali sekunde na pauni mbili: jinsi ya kugeuza vizio vya mnato

Chukua karatasi ya kiufundi ya oili yoyote ya injini ya daraja la 15W-40. Utakuta mnato, yaani kiasi ambacho kimiminika kinakinza kutiririka, umeandikwa mara kadhaa, na kila mara kwa sura nyingine. Kwenye 100 °C umeandikwa kwa cSt (sentistoksi) au mm²/s, na namba iko kati ya 12.5 na 16.3, kwa sababu ndiyo mipaka ya daraja la 40. Kwenye −20 °C umeandikwa kwa cP (sentipoizi) au mPa·s (milipaskali sekunde), na namba ni ya maelfu: SAE J300, kiwango kinachopanga madaraja ya oili za injini, kinaruhusu hadi 7000. Kisha kwenye 150 °C inarudi mPa·s, safari hii ikiwa ndogo kabisa, 3.7 au zaidi kidogo. Asiyezoea anaweza kudhani anasoma habari za oili tatu.

Oili ni moja. Vilivyobadilika ni halijoto, kizio, na katika ule mstari wa kwanza hata kitu kinachopimwa si kilekile. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kikokotoo kizuri cha mtandaoni na bado akapata jibu lisilo na maana. Kugeuza vizio vya mnato ni kuzidisha na kugawanya tu, hesabu ya shule ya msingi. Kazi iko kabla ya hapo: kujua namba uliyonayo ni ya nini.

Tuanze na chenyewe, yaani mnato wa dinamiki. Weka vioo viwili bapa, kimoja juu ya kingine, na nafasi ya katikati uijaze kimiminika. Kioo cha chini kishikilie kisisogee, cha juu kisukume kwa upande. Tabaka linalogusa kioo cha juu litakwenda nacho, linalogusa cha chini litabaki palepale, na matabaka ya katikati yatateleza moja juu ya jingine kwa kasi inayopungua kadiri unavyoshuka. Kuteleza huko kunakinzwa. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alichukulia kwamba ukinzani huo unakwenda sambamba na tofauti ya kasi kati ya matabaka: ukizidisha tofauti ya kasi mara mbili, kani inayohitajika nayo inakuwa mara mbili. Namba inayounganisha viwili hivyo ndiyo mnato wa dinamiki, unaoandikwa kwa herufi ya Kigiriki η, na wahandisi wengi hupenda μ:

η = (kani ÷ eneo) ÷ (tofauti ya kasi ÷ umbali kati ya vioo)

Vizio vinatoka humohumo. Kani kwa eneo ni nyutoni kwa mita ya mraba, yaani paskali. Kasi kwa umbali ni mita kwa sekunde, ukigawanya tena kwa mita. Mita zinakatana na kubaki moja juu ya sekunde. Paskali ukiigawanya kwa moja juu ya sekunde unapata paskali zidisha sekunde: Pa·s. Hicho ndicho kizio cha SI cha mnato wa dinamiki. Angalia kwamba ni kuzidisha. Pa/s, ambayo nimeikuta kwenye karatasi za bidhaa zaidi ya mara moja, ni kitu kingine kabisa: ni kasi ya kupanda au kushuka kwa shinikizo.

Paskali inaweza kuvunjwa zaidi. Nyutoni ni kg·m/s², kwa hiyo Pa·s inageuka kuwa kg/(m·s), kilo kwa mita kwa sekunde. Sura hizi mbili ni sawa kabisa, ila ya kwanza inasimulia kani na ya pili inasimulia tungamo. Katika SI tofauti hiyo haina madhara. Kwenye pauni itatusumbua.

Kabla ya SI kuenea, maabara nyingi zilifanya kazi kwa sentimita, gramu na sekunde. Kizio cha mnato katika mfumo huo ni gramu kwa sentimita kwa sekunde, na jina lake ni poizi, alama yake P. Jina linamkumbuka Jean Léonard Marie Poiseuille, tabibu Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1797, ambaye alitaka kuelewa damu inavyopita kwenye mishipa myembamba. Kwa kuwa damu ni ngumu kuifanyia majaribio, alipitisha maji kwenye vibomba vyembamba sana vya kioo na kupima kwa umakini wa ajabu. Aligundua kwamba kiasi kinachopita hutegemea kipenyo kikipandishwa kipeo cha nne: bomba likipanuliwa mara mbili, linapitisha mara kumi na sita. Mjerumani Gotthilf Hagen naye alifika kwenye matokeo hayohayo kwa njia yake, akayachapisha mwaka 1839. Jina la kizio lenyewe lilipendekezwa baadaye sana, mwaka 1913, na R. M. Deeley na P. H. Parr katika andiko kuhusu barafu ya milima inavyotiririka. Deeley alikuwa mhandisi wa vichwa vya treni nchini Uingereza na mtaalamu wa vilainishi. Kizio chenye jina la tabibu wa damu kilibatizwa na mtu wa reli aliyekuwa akizungumzia barafu.

Kutoka poizi kwenda paskali sekunde, andika vizio na ubadilishe kimoja kimoja:

1 P = 1 g/(cm·s) = 0.001 kg ÷ (0.01 m × 1 s) = 0.1 kg/(m·s) = 0.1 Pa·s

Gramu ni sehemu moja ya elfu ya kilo, sentimita ni sehemu moja ya mia ya mita. Elfu na mia zikikutana inabaki kumi. Kwa hiyo paskali sekunde moja ni poizi kumi. Sentipoizi, ambayo ni sehemu ya mia ya poizi, inakuwa sehemu ya elfu ya paskali sekunde:

1 cP = 0.001 Pa·s = 1 mPa·s

Usawa huu ni kamili, bila kukadiria wala kukata nukta. Karatasi ikisema 90 cP, andika 90 mPa·s na uendelee na kazi. Ndiyo sababu sentipoizi haijafa: hata waliohamia SI waliendelea na namba zilezile, wakabadilisha alama tu. Sababu nyingine ni maji. Mnato wa maji kwenye 20 °C ni karibu sana na sentipoizi moja. Swindells, Coe na Godfrey wa taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani waliupima mwaka 1952 wakapata 1.002 cP, na namba inayotumika siku hizi kusanifisha vyombo vya maabara imesogezwa kidogo hadi 1.0016 mPa·s. Ukisikia kitu kina sentipoizi 1000, unajua papo hapo kwamba ni kizito mara elfu moja kuliko maji ya bomba siku isiyo na joto kali. Paskali sekunde haikupi picha hiyo kwa urahisi.

Hiyo kumi kati ya poizi na paskali sekunde ndiyo inayoleta makosa mengi, kwa sababu ni ndogo. Ukikosea mara milioni utashtuka mwenyewe. Ukikosea mara kumi jibu linabaki na sura ya ukweli. Wapo wanaofikiri kwamba "senti" ni mia na kwa hiyo cP 100 ni Pa·s 1. Hapana, hiyo ni poizi 1, yaani Pa·s 0.1. Wafaransa waliongeza utata wao: walipendekeza kuita paskali sekunde kwa jina zima la Poiseuille, alama Pl. Ulimwengu haukulikubali, lakini kwenye vitabu vya zamani vya Kifaransa bado lipo, na mwenye haraka hulisoma kama poizi.

Alama nazo zina mitego yake. Karatasi nyingi za Marekani huandika "cps" kwa maana ya sentipoizi, nayo inafanana na mizunguko kwa sekunde. Herufi "m" ndogo na "M" kubwa zinatofautiana kwa bilioni: mPa·s ni sehemu ya elfu ya paskali sekunde, MPa·s ni milioni yake. Mtu anaweza kusema hakuna atakayeandika MPa·s kwa dhati, lakini vitu hivyo vipo. Kwenye Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Profesa Thomas Parnell alianzisha mwaka 1927 jaribio la lami ngumu iliyowekwa kwenye faneli ya kioo ili kuonyesha kwamba nayo hutiririka. Faneli ilikatwa mdomo mwaka 1930, na tone la tisa lilianguka mwaka 2014. Mnato wa lami hiyo unakadiriwa kuwa Pa·s 230,000,000, yaani 230 MPa·s. Badilisha herufi hiyo moja iwe ndogo, 230 mPa·s, na una oili nzito ya kawaida ya kumimina kutoka kwenye dumu.

Ni vizuri kichwani kuwe na namba chache za kulinganishia, ili jibu la kikokotoo likitoka uweze kuliuliza kama linawezekana. Hewa kwenye 20 °C ina karibu 0.018 mPa·s. Maji, kama tulivyosema, 1. Damu ya mtu mzima mwenye afya, kwenye joto la mwili, 3 hadi 4. Mafuta ya alizeti yako kwenye makumi, hamsini au sitini hivi katika halijoto ya kawaida. Mafuta ya nyonyo kwenye 20 °C yanakaribia 1000, na hivyo ni Pa·s 1 ya kushika mkononi. Gliserini inapita hapo, 1400 hivi. Asali inacheza kwenye maelfu hadi makumi ya maelfu, kutegemea maji yaliyomo na joto la siku. Kwa hiyo ukigeuza mnato wa mafuta ya kupikia ukapata 0.005 mPa·s, umetengeneza kitu chepesi kuliko hewa inavyotiririka; rudi nyuma utafute ulipoteleza.

Sasa pauni. Katika vizio vya Kiingereza pauni ni mbili: pauni ya tungamo na pauni ya kani, ambayo ni uzito wa ile ya kwanza ikivutwa na dunia. Kwa kuwa mnato unaweza kuandikwa kwa tungamo au kwa kani, kila pauni imezaa kizio chake, na vizio hivyo havilingani.

Pauni ya tungamo ni kilo 0.45359237 na futi ni mita 0.3048, zote kwa ufafanuzi, bila salio. Ukigawanya:

1 lb/(ft·s) = 0.45359237 ÷ 0.3048 = 1.488 Pa·s

Pauni ya kani ni nyutoni 4.448, na futi ya mraba ni mita za mraba 0.0929:

1 lbf·s/ft² = 4.448 ÷ 0.0929 = 47.88 Pa·s

Uwiano kati ya viwili hivyo ni 32.17, ambayo ni mchapuko wa mvutano wa dunia kwa futi kwa sekunde mraba. Haikuja kwa bahati. Wahandisi wa maji na wa ndege nchini Marekani hupenda sura ya kani, na kwenye majedwali yao maji ya kawaida yanaandikwa 2.09 × 10⁻⁵ lbf·s/ft². Zidisha kwa 47.88 upate 0.00100 Pa·s, sentipoizi moja, maji tunayoyajua. Zidisha kwa 1.488 kwa kuona neno pauni tu, utapata 0.031 cP, maji mepesi mara thelathini na mbili kuliko yalivyo. Kilichokuokoa hapo ni kujua kwamba maji ni moja.

Wahandisi wa kemikali wao walishika sura ya tungamo, tena mara nyingi kwa saa badala ya sekunde. Aliyesoma uhamishaji joto kwa vitabu vya Kimarekani vya zamani ameikuta namba 2.42 kwenye karibu kila mfano bila kuelezwa sana. Ni hii: sentipoizi moja ni 2.419 lb/(ft·h). Badala ya kuikariri, ipate mwenyewe kwa njia inayofanya kazi kwa kizio chochote, yaani kubadilisha kila kipande cha kizio peke yake. Tuseme kitabu kinatoa mnato wa 220 lb/(ft·h):

220 × 0.45359 kg ÷ 0.3048 m ÷ 3600 s = 0.0909 kg/(m·s) = 0.0909 Pa·s = 90.9 cP

Pauni imegeuzwa kilo juu ya mstari, futi imegeuzwa mita chini ya mstari, saa imegeuzwa sekunde chini ya mstari. Mwanafunzi anayeandika vizio vyote kila hatua hatoki nje ya njia hata akiwa amesahau namba zote za majedwali.

Ukikutana na kgf·s/m², hasa kwenye vitabu vya kiufundi vya zamani vya bara la Ulaya, ni kisa kilekile cha kani na tungamo kikiwa na kilo: zidisha kwa 9.80665 upate Pa·s. Na wapo wanaobuni beringi za mashine ambao hutumia reini, yaani pauni ya kani zidisha sekunde kwa inchi ya mraba, iliyopewa jina la Osborne Reynolds aliyeandika nadharia ya ulainishaji mwaka 1886. Reini moja ni Pa·s 6894.8, kubwa mno kwa oili, hivyo wao huhesabu kwa mikroreini, ambayo ni 6.8948 mPa·s. Nje ya vitabu vya beringi hutaikuta mara nyingi.

Mpaka hapa kila kitu kimegeuzika. Turudi sasa kwenye ule mstari wa kwanza wa karatasi ya oili, wa cSt.

Sentistoksi haigeuzwi kuwa sentipoizi. Nasema hivyo kwa makusudi, ingawa vikokotoo vingi vya mtandaoni vina sehemu ya kufanya hivyo. Sentistoksi inapima mnato wa kinematiki, ambao ni mnato wa dinamiki uliogawanywa kwa densiti, yaani tungamo kwa ujazo. Stoksi, kwa jina la George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland, ni sentimita ya mraba kwa sekunde. Sentistoksi ni milimita ya mraba kwa sekunde. Hakuna kilo humo, hakuna kani. Kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine unahitaji taarifa mpya kuhusu kimiminika chenyewe, yaani densiti yake:

cP = cSt × densiti kwa g/cm³

Chanzo cha mkanganyiko ni maji tena. Densiti ya maji ni karibu 1, kwa hiyo kwa maji cP na cSt zinatoa namba ileile, na mtu aliyeanza kujifunza kwa maji anabaki na imani kwamba ni majina mawili ya kitu kimoja. Ondoka kwenye maji uone. Zebaki kwenye 20 °C ina mnato wa dinamiki wa 1.55 mPa·s, mara moja na nusu ya maji. Densiti yake ni 13.5, kwa hiyo mnato wake wa kinematiki ni 0.115 mm²/s, karibu sehemu moja ya tisa ya maji. Hewa ndiyo kiroja zaidi: kwa dinamiki ni nyepesi mara hamsini na tano kuliko maji, lakini kwa kinematiki ina 15 mm²/s, mara kumi na tano ya maji. Swali la kwamba hewa na maji kipi kina mnato zaidi lina majibu mawili yanayopingana, na yote ni sahihi.

Kwa nini basi maabara za oili zinashikilia cSt? Kwa sababu chombo chao ni bomba jembamba la kioo ambamo oili inashuka kwa uzito wake yenyewe. Kimiminika kizito kinajisukuma kwa nguvu zaidi, na hivyo muda unaopimwa una densiti ndani yake tayari. Mashine ya kupimia ubaridi wa −20 °C na ile ya 150 °C zinazungusha kitu ndani ya oili kwa nguvu ya mota na kupima ukinzani wake, na hapo densiti haina kazi, matokeo ni mPa·s moja kwa moja. Ule mchanganyiko wa vizio kwenye karatasi moja ni alama za vyombo vilivyotumika.

Tufanye hesabu moja mpaka mwisho. Oili ina 105 cSt kwenye 40 °C na 14.5 cSt kwenye 100 °C, na karatasi inasema densiti ni 0.880 kwenye 15 °C. Namba kama hizi ni za kawaida kwa 15W-40. Wengi watazidisha kwa 0.880 kote. Lakini oili hutanuka ikipata joto, na densiti yake hushuka kwa takribani 0.00065 kwa kila nyuzi moja. Kwenye 40 °C inakuwa 0.864, kwenye 100 °C inakuwa 0.825 hivi. Kwa hiyo:

40 °C: 105 × 0.864 = 90.7 cP
100 °C: 14.5 × 0.825 = 12.0 cP

Ukitumia 0.880 kwenye 100 °C unapata 12.8, umezidisha kwa karibu asilimia saba. Kwa fundi anayechagua oili haina maana yoyote. Kwa anayekokotoa unene wa utando wa oili kwenye beringi, asilimia saba ni kitu.

Sasa ipitishe oili hiyo ya 40 °C kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 5 kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, na ukokotoe namba ya Reynolds ili ujue kama mtiririko ni tulivu, tabaka kwa tabaka, au umeingia vurugu. Chini ya 2300 hivi ni tulivu:

Re = 864 × 1 × 0.05 ÷ 0.0907 = 476

Tulivu kabisa. Aliyeteleza kwa ile kumi, akaandika 0.00907 Pa·s, anapata 4763, na kwa namba hiyo anahama kwenda kwenye kanuni nyingine za msuguano na kuchagua pampu kwa hesabu isiyohusu bomba lake. Uzuri wa mnato wa kinematiki ni kwamba unaweza kuhakikisha kwa njia ya mkato bila densiti: 1 × 0.05 ÷ 0.000105 = 476. Njia mbili zikikubaliana, vizio vyako viko salama. Angalia tu kwamba hapa cSt imegeuzwa m²/s kwa kuzidisha na 10⁻⁶, si 10⁻³ kama cP kwenda Pa·s.

Nimekuwa nikiandika halijoto kando ya kila namba, na si kwa mapambo. Maji yaliyo karibu na kuganda yana 1.79 mPa·s, kwenye 40 °C yana 0.65, na yakikaribia kuchemka yana 0.28. Hayo ni maji, ambayo hubadilika taratibu. Mafuta hubadilika vibaya zaidi: ile oili yetu imeshuka mara saba na nusu kati ya 40 na 100 °C. Mafuta mazito ya meli yanayoitwa 380 yamepewa jina kwa kikomo cha 380 cSt kwenye 50 °C. Hiyo 50 ni sehemu ya jina ingawa haitamkwi, na kwenye injini lazima yapashwe moto zaidi ya 100 °C ndipo yanyunyizike. Hesabu yoyote ya kugeuza vizio haibadilishi halijoto. Namba ya 50 °C ikigeuzwa Pa·s inabaki ya 50 °C.

Mfano mkubwa wa jambo hili katika Afrika Mashariki ni bomba la mafuta ghafi kutoka Kabaale, Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24. Mafuta ya ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa hadi joto la kawaida la hewa nta inaganda, kwa hiyo bomba limesanifiwa likiwa na ganda la kuzuia joto lisipotee na nyaya za umeme za kupasha, ili mafuta yabaki juu ya 50 °C njia nzima. Ukiambiwa mafuta hayo yana sentipoizi kadhaa bila halijoto, umeambiwa nusu ya habari. Na yakishapoa chini ya pale nta inapoanza kujitenga, hata halijoto haitoshi, sababu nitaieleza punde.

Kabla ya hapo, kuna familia ya vipimo ambavyo ni sekunde tu. Zamani mafuta yalipimwa kwa kujaza kikombe chenye tundu na kuhesabu sekunde mpaka kiasi fulani kitoke. Marekani walitumia kikombe cha Saybolt na mililita 60, Uingereza Redwood na mililita 50, Ujerumani Engler na mililita 200 wakilinganisha na muda wa maji. Sekunde hizo ziko upande wa kinematiki, na kuzigeuza kunatumia fomula zilizopatikana kwa majaribio. Kwa Saybolt, muda t ukizidi sekunde 100:

cSt = 0.220 × t − 135 ÷ t

Sekunde 150 zinatoa karibu 32 cSt. Mtu atasema Saybolt imekufa, lakini muulize mfanyabiashara wa oili ya msingi ya kutengenezea vilainishi: bado anauza SN 150 na SN 500, na namba hizo ni sekunde za Saybolt kwenye nyuzi 100 za Farenhaiti. Ukitaka sentipoizi kutoka hapo una hatua mbili: fomula ikupe cSt, kisha densiti ya halijoto hiyohiyo ikupe cP.

Mafundi rangi nao wana vikombe vyao vya tundu, na hapa ndipo hesabu inapogoma. Rangi, sosi ya nyanya, uji, na yale mafuta ghafi yenye nta yakishapoa, havifuati dhana ya Newton. Ukivikoroga haraka vinalegea, ukiviacha vinakaza. Havina mnato mmoja. Vina mnato kwa kila kasi ya kukorogwa. Ndiyo maana karatasi ya rangi iliyoandikwa vizuri itasema, kwa mfano, 1200 cP, kisha itaje kijiti gani cha mashine kilitumika na kilizungushwa mara ngapi kwa dakika. Unaweza kugeuza 1200 cP kuwa 1.2 Pa·s bila shaka yoyote, na jibu litakuwa sahihi kwa kijiti hicho, kwa mzunguko huo, kwa halijoto hiyo. Ukitaka kujua rangi hiyohiyo itakuwaje ikisukumwa kwenye bomba la kunyunyizia, ambako mikwaruzo kati ya matabaka ni mikali mara mamia, hakuna namba ya kuzidishia. Sampuli inarudishwa maabara na kupimwa upya kwa kasi hiyo.